Ushirikishwaji Usio na Hatari

Jumatatu, 3 Februari

Habari kubwa! Madamu Rebeka, mwalimu wetu wa taaluma, amehamishiwa Nansio. Anavuka na feri ya Jumamosi. Nimempa pole ndefu, uso nimeukunja vizuri kwa huzuni, moyoni napiga vigelegele. Kiti kiko wazi! Na nani shule nzima anastahili kukikalia kama si mimi, Pius Mayala, mwalimu wa Sayansi, mtu aliyemaliza chaki nyingi kuliko mwalimu yeyote hapa Mirongo?

Mwalimu mkuu, Mama Modesta, ametuambia kwenye kikao kwamba hana haraka. Alhamisi ya wiki ijayo anakuja mthibiti ubora wa shule. Ataingia madarasani, atakaa nyuma, atatazama tunavyofundisha. Baada ya hapo ndipo mama atapendekeza jina. Sawa. Aje. Mimi siogopi kutazamwa. Nasikitika tu kwamba nimechelewa kutazamwa.

Mpinzani ni mmoja. Madamu Nasma wa Hisabati. Binti mwenye adabu, ananiamkia kila asubuhi bila kukosa. Lakini darasa lake! Kelele kama soko la samaki la mwaloni Kirumba siku dagaa wamejaa. Darasa langu ni kimya. Naandika ubaoni, wananakili. Nafuta, naandika tena, wananakili tena. Ukimya wa kuheshimika. Kwamba watoto hao hao wa darasa la tano walifaulu Hisabati na kuanguka Sayansi kwenye mtihani wa mwisho wa mwezi ni jambo la kuchunguzwa. Nashuku usahihishaji. Bahati mbaya nilisahihisha mwenyewe.

Leo pia nimempelekea Mama Modesta pendekezo la kumrudisha Precious darasa la nne. Mtoto huyu kahamia kwetu Januari kutoka Ukerewe, anakaa kwa shangazi yake. Tangu siku ya kwanza hajasema neno kwenye kipindi changu. Siku ile alijaribu kujitambulisha, akasema amerara njiani, kwa lafudhi ya kisiwani kwao, darasa likacheka mpaka madawati yakatikisika. Hata mimi nilicheka kidogo. Basi, toka hapo, bubu. Mama Modesta akaniuliza kama nimewahi kumuuliza swali lolote. Nikamjibu kwamba hilo ni swali zuri. Akasema tusubiri ukaguzi upite ndipo aamue. Ana huruma nyingi mno, mama yule.

Jumanne, 4 Februari

Nimempeleleza Nasma. Nilisimama chini ya dirisha la darasa lake nikijifanya nakagua maua. Hatuna maua. Nikakagua majani.

Maajabu! Watoto wamekaa kwa makundi, kila kundi na papai lake. Wanakata nusu, robo, wanabishana nani kapewa theluthi na nani kapunjwa. Nasma anazunguka tu. Hafundishi! Mtoto akimuuliza, naye anamuuliza. Kipindi kikaisha wakala somo lote, mbegu wakaziacha kwenye gazeti.

Nikamkuta stafu, ofisini kwa walimu, nikamwambia kwa upole wa kaka mkubwa kwamba enzi zetu sehemu tulijifunza bila matunda na tulizijua. Akasema, "Shikamoo mwalimu. Ulikuwa unatafuta nini kwenye majani?" Nikamwambia nyoka. Akashukuru kwa kuwajali watoto.

Nimerudi nyumbani nikiwaza. Dunia sasa hivi inataka mbinu shirikishi. Haya! Nitaishirikisha mpaka ikome. Mada yangu Alhamisi ile ni kuelea na kuzama. Yeye ana papai. Mimi nitakuwa na kitu ambacho papai likikiona litakiamkia.

Alhamisi, 6 Februari

Nimevumbua! Jana nilikaa jioni nzima nikaandika somo zima kama mchezo wa kuigiza. Kila mwanafunzi ana swali lake la kuuliza, au jibu lake la kujibu, au mshangao wake wa kushangaa. Ushirikishwaji kamili, usio na hatari yoyote. Shida ya Nasma ni kwamba hajui mtoto atasema nini. Mimi nitajua. Nimeandika mwenyewe.

Leo tumefanya mazoezi ya kwanza. Ngosha, kijana mwenye sauti ya mnada, ndiye msemaji mkuu. Nikiweka kitu kizito kwenye maji anasimama na kutamka, "Kimezama, mwalimu, kwa sababu ni kizito!" Makofi ya kilo. Yakobo ana upande wa vitu vyepesi: "Kinaelea, mwalimu, kwa sababu ni mti!" Makofi tena. Tulifanya bila maji. Mwalimu aliyebobea hahitaji maji kujua maji yatafanya nini.

Ilikuwa tamu ajabu. Darasa langu likizungumza! Kwa zamu! Nilisimama mbele nikahisi kifua kinapanuka mpaka kifungo cha shati kikalalamika.

Doa moja. Precious hakupewa maneno, maana hasemi. Tunamaliza, watu wanatoka, akaja mezani. Mara ya kwanza namsikia tangu ile siku. Akauliza polepole, anaangalia viatu: kama kizito kinazama, meli ya chuma pale bandarini inaerea vipi?

Nikamwambia meli ina injini.

Akawaza. Akasema ikitia nanga injini inazimwa.

Nikamwambia hilo ni swali la darasa la saba na akimbie asije akachelewa uji. Kisha nikakaa. Injini inazimwa. Kweli inazimwa. Uji wangu sikuumaliza. Nadhani ulikuwa mzito.

Jumamosi, 8 Februari

Siku ya zana. Nimezunguka sokoni mpaka nikalipata: tikiti! Kubwa, la kijani, limenona kama mtoto wa chifu. Nikishusha hili kwenye maji litazama kwa kishindo, mthibiti ataruka kwenye kiti. Zito kiasi kwamba dereva wa bodaboda alitaka kujua kama nimebeba mtu. Nimelipakata kutoka Soko Kuu mpaka mlimani kwetu, na zile ngazi za mawe nimezipanda nikisimama kila mara kuvuta pumzi. Majirani walinipongeza kwa kupata mtoto.

Upande wa vyepesi, nilitaka mti wenye hadhi. Si kijiti cha kuokota! Macho yangu yakatua kabatini. Simba wa mpingo wa mke wangu, Teodora. Alizawadiwa na kwaya, anamfuta vumbi kila Ijumaa. Mpingo ni mti. Mti unaelea. Simba atakayeelea! Nasma atalia.

Teodora aliniona nalipima tikiti kwa mikono. Akauliza kama nimelijaribu kwenye beseni. Nikamweleza kwamba sayansi inajulikana. Akasema, "Baba Elias, beseni lile pale, maji yale pale. Dakika moja tu." Nikamwambia asome andalio la somo langu ataona limeandikwa wapi linazama. Akasema hajawahi kuona tunda linalosoma andalio la somo. Ana maneno, mke wangu. Kuhusu simba sikumwambia. Nitamrudisha kabatini kabla hajajua.

Jumanne, 11 Februari

Nimeomba sufuria. Beseni ni la watu wadogo. Nimemwendea Mama Bimdogo anayepika uji wa shule, nikamsalimia mara mbili. Nikaliomba lile sufuria lake kubwa, ambalo mtu anaweza kuoga ndani. Akakataa. Nikamweleza habari ya elimu na maendeleo ya taifa. Akakataa. Nikamwambia Nasma naye kaliulizia. Akasema Nasma alikuja kumsaidia kukoroga, hakuulizia kitu. Hatimaye akalegea: nitalipata Alhamisi baada ya uji, na nilioshe mwenyewe, kabla na baada. Nikakubali. Kiongozi hukubali mengi.

Mazoezi yameiva. Ngosha anasema maneno yake hata nikikohoa. Nilikohoa leo asubuhi mstarini, akapaza sauti, "Kimezama, mwalimu!" Shule nzima ikageuka. Nidhamu ya hali ya juu!

Nimetatua na jambo la Precious. Naogopa atainua mkono na ile meli yake. Nimempa cheo: Mlinzi wa Ndoo. Atasimama mlangoni na ndoo ya maji na sahani ya bati ya kuchotea, uso nje, mgongo darasani. Hakufurahi, hakukataa. Mama Modesta alipita akauliza mtoto amepewa kazi gani kwenye somo. Nikamwambia usalama wa maji.

Alhamisi, 13 Februari

Nianze mwanzo.

Mthibiti anaitwa Mzee Mbaruku. Mzee wa miwani mizito, mpole, anasema kidogo. Darasa zima likasimama, "Shikamoo mwalimu!" Akaitikia marahaba, akakaa nyuma pamoja na Mama Modesta. Sufuria liko mezani. Nililiosha, ingawa chini kulibaki uji kidogo uliogoma. Maji yako ndani. Mimi na tai nyekundu.

Nikaanza. Msumari: ukazama. Ngosha akatamka, makofi. Jani: likaelea. Yakobo akatamka, makofi. Nikamwona Mzee Mbaruku anaandika. Kifua kikaanza kupanuka.

Nikaliinua tikiti. Nikazunguka nalo ili kila mtu aone ukubwa. Nikauliza kwa sauti nzito, "Je, hili?" Nikalishusha. Maji yakamwagika, tai ikalowa, watoto wa mbele wakapiga kelele. Tikiti likatokomea chini.

Likarudi juu.

Likakaa pale. Likajigeuza kidogo, kama mtu anayetafuta usingizi. Linaelea!

Basi nikakohoa. Kwa nini nilikohoa, sijui. Ngosha akasimama wima kama askari: "Limezama, mwalimu, kwa sababu ni zito!" Na darasa zima, kama nilivyowafundisha mwenyewe, makofi ya kilo.

Nikasema moyoni, wahi, Pius, wahi! Nikamtoa simba mfukoni. Nikamweka juu ya maji taratibu, kwa heshima. Akaenda chini moja kwa moja. Tuk. Yakobo, mtoto mtiifu, akasimama akachungulia ndani, akanitazama, akachungulia tena. Akatamka kwa uchungu, "Anaelea, mwalimu, kwa sababu ni mti." Makofi, lakini ya wasiwasi.

Mzee Mbaruku akavua miwani. Akamuuliza Ngosha taratibu, "Mjukuu wangu, hebu niambie. Tikiti limezama?"

Ngosha akafikiri sana. Akajibu, "Kwenye karatasi limezama, babu. Kwenye maji bado."

Niliikunja karatasi yangu, nikaitia mfukoni. Mzee akauliza darasa zima kama kuna mtu ana wazo lake, la kwake mwenyewe. Hakuna. Walikuwa na mawazo yangu tu. Ndipo kule mlangoni mkono ukainuka. Mlinzi wa Ndoo!

Alikuja mbele na ile sahani ya bati. Akasema, "Kwetu tunaosha vyombo ziwani. Sahani ikikuponyoka inaerea, inaenda, unaifukuza." Ngosha akaanza kucheka kale kacheko ka siku ile. Hakuna aliyemfuata. Akanyamaza, akasogea mbele aone vizuri.

Precious akailaza sahani juu ya maji. Ikaelea. Akabonyeza ukingo kwa kidole, maji yakaingia, ikazama. Akaitoa, akairudisha. Ikaelea. Akageukia wenzake, si mimi, wenzake, akawauliza, "Bati ni rire rire. Haijaongezeka uzito. Mbona sasa inazama?"

Ikawa vurugu! Wakaacha madawati, wakalizunguka sufuria. Mmoja anasema hewa. Mwingine anasema si hewa, ni nafasi. Yakobo akasema kwa sauti ambayo sikumwandikia kwamba tikiti ni zito lakini ni kubwa, limesukuma maji mengi, na simba ni mdogo lakini mzito kupita udogo wake. Wakabishana. Wakajaribu chupa tupu, chupa yenye maji, ufunguo wa ofisi, kiatu cha Ngosha. Mimi nilitaka kupaza "Kaeni chini!" Mzee Mbaruku akaninyooshea kiganja, ishara ya nisubiri. Nikakaa mimi chini.

Mwishowe Ngosha, mguu mmoja peku, akapiga kelele, "Kwa hiyo meli ni sahani kubwa!" Na Precious akacheka. Sijawahi kumwona mtoto huyu akicheka. Ana pengo.

Kengele ikalia, hawakutoka. Mama Modesta alikuwa anafuta macho. Nadhani ni moshi wa jikoni kwa Bimdogo.

Ijumaa, 14 Februari

Ushindi! Sikulala kwa hofu, kumbe bure.

Mzee Mbaruku alikaa nasi stafu leo asubuhi. Akasema katika shule yetu ameona somo moja ambalo hatalisahau. Langu! Akasema mwalimu alifika mahali akanyamaza kabisa, akawaachia watoto wafikiri, na kwamba walimu wengi hawawezi kunyamaza. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Baadaye akanivuta pembeni, akaniuliza kama tikiti nililijaribu kabla. Nikamwambia mwalimu haonyeshi woga mbele ya tunda. Akasema angependa watoto wangu wapewe nafasi kama ile kila siku, na mwanzoni mwa kipindi, si baada ya ajali. Mzee wa utani sana.

Watoto tumewapa jaribio fupi la mada ile. Wamefaulu karibu wote! Wale wale walioanguka Sayansi! Nimelisahihisha mara mbili, nikitafuta kosa langu. Hakuna. Nasma alinipa mkono, akasema kwa dhati kwamba amefurahi mno kwa ajili yao. Wivu huo. Unajulikana.

Na Precious anabaki darasa la tano. Mama Modesta alilichana pendekezo langu mbele yangu, vipande vidogo. Mchana shangazi yake akaja kushukuru na sato wawili wakavu kwenye kikapu. Alisema mtoto jana kafika nyumbani anaongea mpaka chakula kikapoa. Anasimulia sahani, tikiti, meli. Shangazi alikuwa karibu kumrudisha kisiwani, alidhani mjini kumemshinda. Nikampokea kwa heshima, nikamwambia nilimtambua mtoto huyu kuwa na kipaji tangu siku ya kwanza, na nikampangia mahali pazuri pa kusimama. Precious alikuwa ameshika mkono wa shangazi. Alinitazama tu. Bila shaka alikosa maneno ya kunishukuru.

Nilirudi nyumbani kifua mbele. Teodora amekaa sebuleni, simba mapajani. Alimnusa, akaninyooshea ninuse. Uji wa mahindi uliochacha. Nikaanza kumweleza habari ya ushindi. Akasema nianze na habari ya simba. Nilianza. Nimekula sato peke yangu, jikoni.

Jumatatu, 17 Februari

Mama Modesta ametangaza. Mwalimu wa taaluma ni Madamu Nasma. Walimu wakapiga makofi. Nami nilipiga, kwa viganja vilivyolegea.

Lakini hebu tazama kilichofuata! Mama akaniita ofisini, akafunga mlango. Akaniambia kwamba alichokiona Alhamisi kimemgusa, kwamba watoto wangu wana akili nyingi kuliko nilivyokuwa nawapa nafasi, na kwamba angetaka niwe naingia darasani kwa Nasma kila Jumatano, nikae dawati la nyuma, nitazame. Akarudia: nitazame tu, Mwalimu Pius, nisiseme. Nimemwelewa papo hapo. Kijana amepewa cheo, mtu mzima amepewa kumsimamia kijana. Hivyo ndivyo kazi kubwa zinavyogawanywa, kimya kimya. Nimeshanunua kalamu nyekundu.

Mada inayofuata ni kuota kwa mbegu. Wikiendi nzima nimekaa nikijiuliza ni nini hasa kilichompendeza Mzee Mbaruku. Nimekigundua. Ni maswali yasiyotarajiwa! Basi nimeyaandika. Kumi na mawili, na majina pembeni. Yakobo anakosea jibu la tatu kwa makusudi. Ngosha anaacha dawati bila ruhusa nikishika sikio la kushoto. Mabishano yanaanza baada ya swali la saba na yanakoma nikigonga meza. Precious amepewa nafasi kubwa kuliko wote: anainua mkono ghafla, anauliza kwa nini mbegu haijui juu ni wapi, kisha anacheka.

Mazoezi ya leo yalikuwa mazuri, ila Precious anacheka kama mtu anayeumwa jino. Tutarekebisha. Halafu Yakobo akauliza kama wanaweza kupanda maharage kweli, kwenye makopo, waone yatafanya nini. Nikamwonyesha kwenye karatasi kwamba yataota siku ya nne.

Akaniuliza basi kama anaweza angalau kushangaa kwa maneno yake mwenyewe. Nimemkatalia. Hawezi kutuharibia ushirikishwaji.